Uzi wa Mita Mbili na Robo

Mpwa wangu, kitinda mimba wa dada yangu, ana miaka arobaini na minne na ulimi wa miaka themanini. Watu wanamwita Nakala, kwa sababu miaka kumi na minane sasa amesimama mbele ya mashine ya kutoa nakala, akiinua kifuniko na kukishusha. Ukitaka kujua siri za mtaa, usiende kwa wambea, nenda kwake. Vyeti vya vifo, hati za talaka, barua za kuachishwa kazi, zote zimepita mikononi mwake, naye hasemi neno. Anakuangalia tu, nawe unajua kwamba anajua.

Shule aliiacha kidato cha pili. Aliolewa na mwenye mashine, mwenye mashine akafa, na duka likabaki kwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, mtu anayezima taa mteja akiwa bado anahesabu kurasa zake. Nakala akabaki na mashine, mishahara ya kuchechemea, na vidole vyenye weusi wa wino usiotoka kwa sabuni.

Nyuma ya duka kuna chumba. Kina dirisha moja linalotazamana na ukuta wa jirani, na ndani kuna maboksi ya karatasi, mashine mbovu mbili na kiti. Nakala alikuwa akikitamani chumba hicho tangu mumewe akiwa hai. Alitaka kupiga watu picha humo, picha za kweli za kuchapwa kwenye karatasi na kutiwa kwenye fremu. Siku shemeji alipotangaza kwamba amepata mpangaji, muuza chaji za simu, Nakala aliweka kitambaa cha kufutia kioo chini, akasema chumba anakitaka yeye.

"Upige picha?" shemeji akacheka. "Shemeji yangu, siku hizi hata mbuzi anapiga picha. Kila mtu ana simu."

"Simu yako humo ndani inaona nini?"

"Inaona kila kitu."

Wakabishana mbele ya wateja mpaka shemeji, kwa kujionyesha, akatoa sharti. Mama yake, mkwe wa Nakala, apigwe picha chumbani humo, ameketi, mzima kuanzia kichwa hadi viatu, bila taa kuwashwa. Kila mmoja apige yake, mama mwenyewe aamue. Ikishinda ya Nakala, chumba ni chake kwa kodi ileile ya muuza chaji. Ikishindwa, Jumatatu muuza chaji anaingia na habari ya picha isisikike tena.

Nakala hakuwa na kamera. Alikuwa na akiba ya miaka minne, iliyotosha kamera moja, si moja na nusu.

Alikuja kwangu Jumatano. Hakubisha hodi.

"Mjomba, kesho twende dukani ukanitazamie lenzi kama ina ukungu. Macho yako mabovu, lakini kwa hilo yanatosha. Na usiongee na muuzaji."

Niseme wazi kwamba tulikuwa hatupatani. Miaka thelathini na mmoja nilisafisha filamu katika chumba cha giza cha studio ambayo leo inauza vifuniko vya simu. Niliyoyajua niliyapata peke yangu, kitabu mkono huu, kamusi mkono ule. Enzi zile mtu akija kupigwa picha alikuwa ameoga, amenyoa, amepiga pasi. Alikaa kimya akashusha pumzi, kwa sababu alijua anaingia katika kitu kitakachobaki baada yake. Leo mtu anapiga picha sahani yake kabla hajala, kisha anaifuta kabla hajashiba. Nakala alinisikia nikisema hayo mara nyingi, na kila mara alijibu, "Mjomba, filamu zimekufa, wewe bado. Changamka."

Nikaenda. Nilikwenda kwa sababu nilijua lenzi gani anunue, na nilijua hataniuliza.

Duka lenyewe lilikuwa kioo juu mpaka chini. Makasha matupu yalipangwa hadi darini ili duka lionekane limejaa. Muuzaji alikuwa mtu mzima mwenye ndevu zilizochongwa kwa rula, anayemwita kila mtu mkuu.

"Karibu mkuu, karibu mama. Mnataka kamera ya harusi au ya mtandaoni?"

"Ya kubadilisha lenzi," Nakala akasema. "Ya chumba chenye giza." Akataja na pesa aliyokuwa nayo.

Muuzaji akateremsha kasha jipya, linanukia plastiki. "Chukua hii. Mpya kabisa, pikseli milioni ishirini na nne, na lenzi yake ya kuvuta na kusogeza iko ndani. Pesa uliyoitaja inatosha."

"Lenzi hiyo mdomo wake mwembamba," Nakala akasema. "Haiingizi mwanga. Picha yangu itatoka kama imepigwa ndani ya gunia."

"Mama, pikseli milioni ishirini na nne!"

"Hata zingekuwa milioni mia, zitaona giza milioni mia."

Hapo nilimpenda kidogo. Nikakohoa, nikavunja amri yake. Nikamwambia muuzaji atoe vilivyotumika. Akavuta droo ya chini kwa uso wa mtu aliyeombwa kufua nguo za wengine. Kulikuwa na kamera moja iliyochubuka pembeni, bado nzima, na lenzi mbili zinazoifaa: moja ya milimita themanini na tano, nyingine ya milimita thelathini na tano. Zote mbili zina mdomo mpana. Pesa ya Nakala ilitosha kamera ile na lenzi moja kati ya hizo.

"Themanini na tano," nikasema. "Hakuna mjadala. Uso wa binadamu unataka lenzi ndefu. Fupi inavuta pua. Miaka thelathini na mmoja, kila picha nzuri iliyopita mikononi mwangu ilipigwa na lenzi kama hii."

"Mzee anajua," muuzaji akadakia, maana ile ndiyo ilikuwa ghali. "Penye wazee haliharibiki jambo."

Nakala akatoa mfukoni uzi mweupe wa kushonea, umefungwa fundo kila mwisho. Akampa muuzaji ncha moja.

"Shika hii, ukae kwenye kile kiti."

"Mimi?"

"Una kazi gani nyingine? Kaa."

Muuzaji akakaa. Nakala akaunyosha uzi, akarudi kinyumenyume mpaka ukakaza, ncha ya pili ikawa kwenye shavu lake. Wateja wawili wakaanza kucheka. Mimi nilitaka ardhi ipasuke. Nikamwuliza kwa sauti ya chini kama amekuja kununua kamera au kupima sanda.

"Mita mbili na robo," akasema. "Kiti kikiwa ukutani na mgongo wangu mlangoni, ndiyo nafasi niliyonayo. Sina nyingine. Nipeni hiyo lenzi ndefu."

Akaifunga, akatazama, kisha akanisukumia kamera. "Tazama mwenyewe."

Nikatazama. Nilimwona muuzaji kuanzia nywele hadi kwenye vifungo viwili vya shati, basi. Mikono haipo wala magoti.

"Rudi nyuma kidogo," nikasema, na neno likanigeuka mdomoni kabla halijaisha.

"Nirudi wapi mjomba, nitoboe mlango? Sharti ni mpaka viatu."

"Lenzi hii haikuwa hivi. Zamani ilichukua zaidi."

"Zamani filamu ilikuwa kubwa. Kioo cha kupokea picha kwenye kamera hii ni kidogo kuliko filamu yako." Akaongea taratibu, kama anavyowaeleza wateja wasiojua upande wa kuweka karatasi. "Ni kama mashine yangu. Ukikuza hati kwa asilimia mia na hamsini, na karatasi ni ileile, kingo zinakatika. Jina la baba linabaki, la babu linaondoka. Hii themanini na tano humu ndani ni kama mia na thelathini. Nimesoma."

"Umesoma wapi?"

"Kwenye migongo ya karatasi zilizoharibika. Nilikuwa nachapa humo kurasa mbili za masomo ya kamera kutoka mtandaoni kila siku, shemeji akitoka kula."

Nilichokijua nilikijua sawasawa, ila nilikijua kwa dunia ambayo haipo tena. Na aliyeniambia ni mwanamke wa kidato cha pili mwenye vidole vyeusi, mbele ya mtu mwenye ndevu za rula. Akafunga ile fupi. Kwa uzi uleule muuzaji alienea mpaka kwenye viatu, na juu ya kichwa ikabaki nafasi ya vidole vinne.

"Sasa fanya nilichokuletea," akasema, akanipa lenzi na tochi.

Nilitafuta kasoro kama askari anayetafuta rushwa. Nilipitisha mwanga mbele, nyuma, ubavuni. Nilitaka nione hata uzi mmoja wa ukungu, hata alama ya kidole ndani ya kioo, niseme, haya, hii mbovu, turudi kwenye yangu. Vioo vilikuwa safi kama maji ya kisima. Yeye alikuwa ananitazama. Neno langu tu ndilo lilikuwa limebaki, na angelifuata.

"Ni safi," nikasema. Lilinitoka kama jino.

Jumamosi saa tisa alasiri mama mkwe aliletwa, mwanamke mkavu asiyempenda Nakala na asiyelificha jambo hilo. Alikaa kwenye kiti kama hakimu. Shemeji akapiga kwanza kwa simu, akatabasamu. Nakala akaegemeza mgongo mlangoni, akapiga tatu, akasema basi. Picha zikachapwa kwa mashine ya rangi ya duka, karatasi moja kila mtu. Mama akavaa miwani, akainua ya mwanawe kwanza.

"Huyu nani?"

"Wewe, mama."

"Nani kaninyoosha uso kwa pasi? Makunyanzi yangu yako wapi?"

"Simu inasafisha yenyewe, mama."

"Nilikuambia mimi ni mchafu?" Akaisogeza karibu. "Na mikono yangu imeingia kwenye gauni. Nimekatwa?"

Kweli, vazi lake jeusi na giza la chumba vilikuwa vimemeza mikono yote miwili. Akaiweka, akainua ya Nakala. Mwanga hafifu wa dirisha ulikuwa umempata upande mmoja, na kila mshipa wa mkono ulikuwa mahali pake. Magoti yalikuwa makubwa kidogo, kama ambavyo ningetabiri iwapo ningeulizwa. Macho yalikuwa yake, na ukali wake.

"Huyu mbaya ndiye mimi," akasema. "Hata viatu ni vyangu. Mpe chumba."

"Mama, muuza chaji nilishampa neno..."

"Na huyu ulimpa nini, mate? Mpe ufunguo. Mkwe huyu simpendi, lakini sijazaa mwongo."

Shemeji akauchomoa ufunguo kwenye pete yake ya funguo akivuta na kununa, akautupa juu ya mashine. Nakala hakusema asante kwa yeyote, wala kwangu. Alifungua mlango wa chumba wazi, akaanza kuyatoa maboksi ya karatasi, akayapanga mbele ya meza ya shemeji moja juu ya jingine, mpaka mtu yule akawa hana pa kupita. Kisha akashika mashine mbovu upande mmoja, akageuka.

"Mjomba, umesimama kama umetumwa na serikali. Shika huko."

Nikashika.