Buni Tumboni mwa Baba

Nikinusa kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani ya porini kisha ikaanikwa juani, mpaka leo mkono wangu hukimbilia kitovuni. Nichekeni tu.

Enzi za Mwingereza tulikaa Kahororo, baba akifundisha sayansi shuleni hapo. Ujanani alikuwa amenywana na Ta Kaijage wa Muleba: kila mmoja alichanjwa karibu na kitovu, buni, punje ya kahawa, ikapakwa damu yake, mwenzake akaimeza. Tangu hapo ni ndugu. Ukimkana mnywani wako, wazee walisema, buni ile itakuvimbisha tumbo hadi ufe. Baba aliyaita hayo upuuzi. Basi siku Ta Kaijage alipotokea peku, matope hadi magotini, baba ameketi barazani na mkaguzi wa Kizungu, baba akaona haya.

"Simjui mtu huyu," alisema.

Kabla mvua hazijakatika, tumbo lake likaanza kuvimba.

Daktari wa mjini alisema ni ini, akampa vidonge. Bibi, mama yake baba, aliinama akatega sikio kwenye lile tumbo lililokaza kama ngozi ya ngoma. Alikaa hivyo kitambo, kisha akanyanyuka polepole.

"Inaota," alisema.

Sikuthubutu tena kumtazama baba akibadili shati, nisije nikaona jani linachungulia kitovuni. Nilimpenda mno baba yangu, na nilimwona anakufa.

Bibi akatuma mtu Muleba. Ta Kaijage alipoingia chumbani, baba alikuwa na vidonge kiganjani.

"Waitu, nisamehe, mnywani wangu," alisema.

Ta Kaijage alitia kahawa kinywani, akatafuna, akajiandaa kumpulizia tumboni, ndivyo mnywani anavyosamehe. Mimi, mwanafunzi hodari, nikadakia kumwambia baba: "Taata, ngoja kwanza vidonge viishe! Ukitumia vyote pamoja, tutajuaje kipi kimekuponya?" Ndivyo alivyotufundisha darasani.

Baba alinigeuzia macho ya manjano. "Mwanangu, nani kakwambia nataka kujua?"

Akameza vidonge, akafunua tumbo.

Jioni ileile lilianza kunywea, na baba aliishi hadi akawaona wajukuu. Miaka mingi nilimwona msaliti wa sayansi yake, nikakasirika kweli. Sasa nimezeeka, nimeuguza na kuzika. Huenda vidonge peke yake vingetosha kwa ini. Lakini alikuwa amemtazama ndugu yake usoni akasema hamjui, na hilo daktari hakuwa ameliandikia dawa.