Keki za Tevita

Maree Tregenza hali keki ya kosa ambalo halijaonekana. Nimekaa naye meza moja hapa Hobart miaka mingi, nimeshamzoea. Ofisini kwetu, tunakoandika programu za kompyuta za meli, anayeziangusha kwa kosa lake huleta keki, na akishaleta yameisha. Asubuhi ile Tevita, aliyekuwa bado kwenye majaribio ya kazi, alileta lamington, vile vikeki vya chokoleti na nazi, alizopika mama yake. Colin, bosi wetu, alikuwa ameshamwambia kwamba programu yake ya kadi ya mtandao ndiyo inayoangusha kiini cha mfumo, programu inayoendesha nyingine zote, na kwamba saa nane ataamua kama abaki au aende.

"Na wewe umekubali?" Maree alimwuliza.

"Yangu ndiyo mpya, dada. Nani mwingine?"

"Basi kula mwenyewe. Mimi nina kazi."

Alifungua picha ya memori iliyohifadhiwa kompyuta ilipoanguka. Pale palipotakiwa kuwa na data za mtandao palijaa namba moja, inajirudia juu hadi chini. Colin aliiita takataka. Kiini chetu kikiachia kipande cha memori kilichokwisha kutumika hukipaka namba maalumu, kama rangi, ili programu itakayokirudia inaswe. Lakini rangi yetu sote tunaijua, na hii haikuwa yenyewe.

Maree akaitafuta namba ile katika programu zote. Kwa Tevita haikuwamo. Ilikuwa mahali pamoja tu, kwenye programu ya saa, iliyoandikwa zamani, kila mtu alipokuwa na rangi yake. Ilikuwa ikiachia kipande kilekile mara mbili. Mara ya pili kilikuwa kimeshapewa programu ya Tevita, na ile ya saa ikapaka rangi yake juu ya data za Tevita.

Akamwita Colin.

"Hii namba unaijua?"

Colin aliinamia skrini. "Ni yangu," akasema.

Nilitaka amwombe kijana radhi palepale, na nilikasirika kwamba hakuomba. Colin alifunika boksi la lamington, akamrudishia Tevita.

"Mpelekee mama yako. Mwambie haikuwa zamu yako."

Akatoka kwenye mvua bila koti. Saa nane ilipogonga alirudi ameloa, akaweka boksi la keki za krimu mbele ya Tevita, akabaki amesimama.

Maree ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono, akachukua keki.