Chumvi kwenye Kiganja cha Mwigizaji

Kwanza nimpe haki yake mdogo wangu: katika filamu yake hakuna uongo. Nimeitazama tena kwenye simu nikiutafuta huo uongo, sikuupata. Mume anauza maksai bila kumwambia mke, mume anahamia kwa mwanamke mwingine, mtoto anabaki kwa mama. Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Mimi niliishia darasa la saba na mambo ya filamu siyajui, kwa hiyo huenda haya ninayoandika ni hasira tu. Lakini nimejihisi kama mtu aliyeibiwa na ndugu yake mchana, mlango ukiwa wazi, na aliyemfungulia ni mimi mwenyewe.

Mdogo wangu nilimlea. Mama yetu alipofariki alikuja kukaa kwangu hapa Bariadi, akasoma sekondari akitokea kwangu. Mume wangu alipoondoka, yeye ndiye aliyeshika jembe la mkono tukalima pamoja, maana maksai hawakuwepo tena. Baadaye alikwenda Dar es Salaam, akajifunza kamera, akarudi na wenzake. Siku hizi wanamwita dairekta.

Msimu uliopita tulikuwa tumekaa kwenye turubai tukichambua pamba, safi huku, fifi, ile chafu, kule. Akasema, "Dada, nataka kutengeneza filamu ya ile habari ya maksai."

"Ili watu wanicheke?"

"Hawatajua ni wewe. Nataka waone ilivyokuwa."

Nikamweleza yote, hata yale aliyoyajua. Nilimweleza habari ya yule maksai mweusi mwenye doa usoni. Mama yake alikufa yeye angali ndama, nikamkuza mimi. Nilikuwa namwekea chumvi kwenye kiganja analamba mpaka vidole vinanitekenya, na alipokua hakuhitaji fimbo shambani, alifuata mkono wangu. Nilimweleza jinsi nilivyokwenda Nyashimo msibani, nikarudi nikakuta nira imetundikwa ukutani na zizi tupu. Na jinsi mume wangu alivyokuja baadaye kuchukua nguo zake, mtoto amelala, nami nikamwambia mlangoni kwa sauti ya chini, "Nenda, na hapa usirudi." Mdogo wangu alisikiliza mikono yake ikiwa imesimama juu ya pamba. Nilidhani anaumia kwa ajili yangu. Labda aliumia kweli.

Walirekodi nyumbani kwangu na mnadani. Aliyeigiza mume alikuwa kijana wa Nyalikungu, kule Maswa, muuza simu, mwenye sura ya upole. Ana adabu, sina la kumlaumu. Alinikuta jikoni akainama kunisalimu Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," halafu akaniuliza mume wangu alikuwa anatembeaje. Nikamwonyesha. Tukacheka.

Sini ya mlangoni niliitazama ikirekodiwa. Mdogo wangu alimwambia dada aliyeigiza mke, "Paza sauti. Mkono kiunoni." Kisha akamgeukia yule kijana, "Wewe usijibu. Kilio kikija, kizuie. Tazama viatu vya mtoto hapo chini."

Nikasema, "Lakini mimi sikupaza sauti. Mtoto alikuwa amelala."

"Najua, dada. Kwenye filamu mtu akinong'ona hasikiki."

Nikakubali. Nilidhani ni suala la masikio tu.

Asubuhi ya kwenda mnadani aliniomba chumvi. Nikajua ni ya mayai ya kuchemsha, watu wa kamera wanakula ovyo ovyo. Nikamfungia kwenye kipande cha gazeti, akaweka mfukoni.

Filamu ilionyeshwa Jumamosi mchana kwenye ukumbi wa kukodi hapa mjini, madirisha yamefunikwa kwa mapazia mazito. Binti yangu, yuko kidato cha tatu, alikaa mbele na wenzake. Mimi nilikaa nyuma, karibu na mama mmoja nisiyemjua, aliyekuja na karanga zake kwenye kitambaa akanigawia.

Sini ya mnadani haina neno hata moja. Yule kijana ameshika kamba. Mnunuzi anavuta. Maksai, waliyemwazima kwa jirani yangu, anageuka, anarudi, anaingiza mdomo kwenye kiganja cha kijana na kuanza kulamba. Anapitisha ulimi katikati ya vidole, hataki kuondoka. Kamera ikakaa kwenye mkono ule, halafu ikapanda usoni ikakaa tena. Kijana alimeza mate. Hakulia. Ukumbi mzima ukanyamaza, na wale ni watu waliozaliwa zizini, huwezi kuwadanganya kuhusu ng'ombe.

Mama wa karanga akasema taratibu, "Ng'ombe hamlambi mtu mbaya." Akajifuta macho kwa pindo la kitenge.

Na mimi nililia. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko yote. Nilimlilia mwanaume aliyeuza ng'ombe wangu. Nilikuwa nalia bado ndipo nikautambua ule ulimi unavyopita katikati ya vidole. Ile ni chumvi, nikajisemea. Ile ni chumvi yangu.

Kabla sijapumua ikaja sini ya mlangoni. Mke haonekani sura. Unaona mgongo wake na mkono kiunoni, na sauti yake inajaza ukumbi: "Nenda, na hapa usirudi!" Maneno ni yangu. Lakini muda wote huo tunamtazama mume, naye anatazama viatu vidogo vya mtoto.

Kijana mmoja akapiga kelele, "Kaka ondoka, utapasuka masikio!" Watu wakaangua kicheko.

Mama wa karanga akanigusa bega. "Huyu mwanamke naye ana mdomo! Mimi ningekuwa huyo mwanaume ningeondoka na mlango wenyewe."

"Labda alikuwa na sababu zake," nikasema.

"Sababu gani, mwenzangu? Mtu ambaye hata ng'ombe kamkubali!"

Nikatafuna karanga zake.

Nyumbani binti yangu hakuvua sare ya kwaya aliyokwenda nayo. Alikaa mlangoni, palepale.

"Mama, baba alimpenda yule maksai?"

Ningeweza kusema hapana. Nilitamani kusema hapana. "Sijui," nikamjibu. "Mnadani sikuwepo."

"Kumbe ulimfukuza."

"Alikuwa ameshaondoka. Alikuja kuchukua nguo."

"Lakini ulimwambia asirudi." Kisha akasema, "Nataka kwenda Mwanhuzi likizo hii. Nikamwone."

Baba yake yuko Mwanhuzi miaka yote hii na hajawahi kutuma hata salamu. Nimemlea huyu mtoto peke yangu, na alikuwa ananitazama kwa macho ya wale watu wa ukumbini.

Kesho yake nilimfuata mdogo wangu. Nikamkuta anakunywa chai.

"Chumvi nilikupa ya mayai," nikamwambia.

Aliweka kikombe chini. Hakujifanya hajaelewa, nampa na hilo pia. "Ng'ombe alikuwa hataki kumkaribia, dada. Nikakumbuka ulivyonieleza."

"Niliyekuwa nalambwa ni mimi. Umeuchukua mkono wangu ukampa yeye."

"Sikumtetea shemeji. Kila mtu anajua mwanaume anayeuza ng'ombe kwa siri ana makosa. Nikimwonyesha mbaya tangu mwanzo, watu wanamzomea, wanakwenda kula. Mtu akijizuia kulia, watazamaji wanamlilia. Akipiga kelele, wanamkimbia. Ndiyo kazi yenyewe."

"Mimi nilijizuia kulia. Mimi ndiye niliyenong'ona."

"Wote wawili wakijizuia, filamu inalala," akasema.

Huenda ni kweli. Mimi sijui kazi yake, na watu walilia, na kulia walilia vizuri. Lakini alikuwa na mtu mmoja wa kumpa huruma ya watu, akampa yule.

Nikaona nimwonyeshe mtoto. Nilimchukua jioni tukaenda kwa jirani, kwa maksai yule yule wa filamu. Nikamwambia anyooshe mkono. Maksai akageuza kichwa, hana habari naye. Nikamwekea chumvi kiganjani. Maksai akaja mbio, akalamba, akapitisha ulimi katikati ya vidole, mtoto akacheka kwa kutekenywa kama nilivyokuwa nikicheka mimi.

"Umeona?" nikasema. "Hakuna mapenzi pale. Ni chumvi."

Alijifuta mkono kwenye sketi, akafikiri. Hakusema kwa ubaya, nilimtazama vizuri.

"Lakini mama, hata wewe ulikuwa unampa chumvi."

Nimekaa nikijiuliza kama yule mweusi alinipenda, au nami nilikuwa mtu mwenye kiganja tu. Najua kwamba nilimkuza tangu ndama, nikilala naye jikoni wakati wa mvua. Hiyo haikuonyeshwa. Sijui ingeonyeshwaje.

Shule zilipofunga nilimpandisha binti yangu basi la Mwanhuzi. Nikamwambia, "Baba yako akikueleza habari ya maksai, mwache amalize, usimkatishe. Mtazame pia akiwa hajui kama unamtazama. Halafu urudi unisikilize na mimi, hata kama sina sura ya kuliza watu."

"Sawa, mama," akasema, akafunga dirisha kwa sababu ya vumbi.

Hajarudi bado. Mdogo wangu amepiga simu tena leo na sikupokea. Inawezekana namwonea.