Sungura wa Marhamu

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa msaidizi wa chumba cha dawa hospitalini Kilindoni, kisiwani kwetu. Vaselini ikaadimika, na upele ukawashika watoto vijiji vizima. Unga wa salfa, dawa yake, tulikuwa nao. Tulichokosa ni kitu cha kuuchanganyia uwe marhamu ya kupaka. Mfamasia wetu, kijana wa kutoka bara, akapata wazo: mafuta ya nazi yagandishwe kwa nta ya nyuki.

"Basi tuchanganye leo leo!" nikasema.

"Taratibu, dada. Dawa tunaijua, kinachoibeba hatujakijua. Tujaribu kwa sungura kwanza."

"Mafuta ya nazi? Nimepakwa tangu nizaliwe!"

"Ulipakwa kwenye ngozi nzima. Hawa wamejikuna mpaka vidonda."

Alisema kweli. Mwalimu mmoja mfugaji akatupatia sungura. Tukawanyoa migongoni, tukaikwaruza ngozi kidogo kwa sindano. Upande wa kulia tukapaka mafuta na nta bila dawa, wa kushoto tukauacha mtupu. Mimi ndiye niliyewashika, na mioyo yao ilidunda viganjani mwangu hadi nikawaonea huruma. Lakini asubuhi yake niliamka kama mtoto siku ya Idi, nikaenda kazini nusu nakimbia.

Upande wa kulia ulikuwa mwekundu, umevimba.

Nilitaka kulia. Mfamasia akalinusa debe la mafuta tuliyonunua dukani, akakunja uso. "Yamechacha haya. Tutafute mabichi."

Nikaomba ruhusa, nikaenda kijijini Baleni kwa mama.

"Shikamoo, mama. Nataka mafuta mapya, ya sungura."

"Marahaba. Ya nani?"

Nilipomweleza alicheka mpaka kanga ikamdondoka. "Wallahi, serikali imeanza kupaka sungura mafuta!" Hata hivyo akaketi kwenye mbuzi, akakuna nazi, akakamua tui, akalipika polepole hadi mafuta yakaelea, meupe, yakinukia. Akayachuja kwa kitambaa safi. "Wakipona waniletee salamu," akasema.

Tukarudia kwa sungura wengine. Safari hii, asubuhi yake, mfamasia alisimama mlangoni, akanitanguliza mimi.

"Unaona nini?"

Nikawageuza mmoja mmoja kwenye mwanga wa dirisha. Kulia kama kushoto. Mikwaruzo ilikuwa inafunga, ngozi laini.

"Sioni kitu!" nikapiga kelele. "Ndugu, sioni kitu kabisa!" Sijapata kufurahi vile kwa kutoona kitu. Wauguzi wakaja mbio wakidhani nimeumwa na nyoka.

Tukachanganya salfa, tukajipaka sisi wenyewe mikononi, tukangoja tena. Ndipo tukampaka mtoto wa kwanza, binti wa kijiji cha Kiegeani aliyekuwa hapati usingizi kwa kuwashwa. Mama yake aliporudi hospitalini alikuwa amembeba mgongoni, mtoto amelala fofofo.

"Nimekuja kuchukua nyingine," akaninong'oneza, "ila usimwamshe."