Majaribio Yetu Matatu ya Mawenzi

Siku klabu yetu ya mbio iliponichagua kuwa kiongozi wa msafara wa tatu wa Mawenzi, nilitakiwa kusema neno moja tu: hapana. Badala yake nilisimama, nikapandisha suruali juu ya kitambi, nikatoa hotuba. Nikawashukuru kwa imani waliyonipa. Nikasema mlima hauwezi kutushinda mara tatu, kana kwamba mlima ulikuwa na habari kwamba tumewahi kwenda. Wakapiga makofi. Mzee wa miaka sitini na miwili akipigiwa makofi na wastaafu wenzake, akili yote humhama.

Klabu yenyewe ilikuwa hivi. Tulikuwa wastaafu wa kiwanda kimoja cha Tanga, upande wa Pongwe. Kila Jumamosi asubuhi tulikusanyika Raskazone, tukakimbia mpaka penye supu, tukanywa supu kwa chapati mbili mbili, kisha tukarudi nyumbani kwa bajaji. Kwa mazoezi hayo mwenyekiti wetu aliona tumeiva kupanda mlima. Wala si Kibo, ambako siku hizi wanakwenda hata maharusi na shela zao. Alitaka Mawenzi, kile kilele cha pili cha Kilimanjaro chenye meno, ambacho hata wenye kamba na kofia ngumu wengi hukitazama, wakakipiga picha, wakaondoka.

Nitaeleza historia ya majaribio yetu kwa heshima inayostahili, kwa hiyo haitakuwa ndefu.

Msafara wa kwanza uliagwa na mgeni rasmi, tukakabidhiwa bendera. Tulikuwa tayari tumechapisha fulana zenye maandishi TUMEFIKA MAWENZI, kwa sababu mwenyekiti alisema haipendezi kuchapisha baada ya kurudi. Tuliishia kambi ya kwanza. Mvua ilinyesha, goti la mwenyekiti likavimba, na katibu akagundua kwamba dawa zake za presha zimebaki Tanga juu ya friji. Fulana tulirudi nazo mwilini.

Msafara wa pili ulikuwa na mafanikio makubwa: tulifika kwenye ziwa dogo lililo chini ya Mawenzi. Pale mwongozaji wetu alishika jiwe la ukutani, akalimega kwa mkono kama andazi la juzi. Akatueleza kwamba watu wenye ujuzi wa miaka mingi wamegeukia hapo hapo. Mlima huo, alisema, umeshikwa na barafu, na jua likichomoza barafu huachia, mawe yakaanza kushuka bila kuuliza nani yuko chini. Tulimsikiliza kwa makini sana, tukapiga picha na bendera, tukashuka. Tanga tukapokelewa kwa keki yenye umbo la mlima.

Katika sherehe hiyo ndipo mtani wangu aliponimaliza.

Mimi ni Mzigua wa Mkwaja, yeye alikuwa Msambaa wa Lushoto. Kati ya watu wetu upo utani wa tangu mababu: mtani anaweza kukutukana mbele za watu, kuingia jikoni kwako na kula nyama yako yote, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umeliaibisha kabila. Kwa miaka arobaini tulifanya kazi stoo moja pale kiwandani, yeye akinitukana asubuhi, mimi nikimrudishia mchana. Alikuwa akimsihi mke wangu aniache, mbele yangu, huku akiomba aongezewe wali. Sikuwa na rafiki mwingine wa namna ile.

Sasa siku ya keki, nzi mmoja alitua juu kabisa, kwenye kilele cha sukari. Mtani wangu akainua mkono kutaka watu wanyamaze.

"Ndugu zangu, mtazameni huyo," alisema. "Ndiye Mzigua wa kwanza kufika kileleni."

Watu walicheka mpaka mgeni rasmi akajifuta machozi. Nami nilicheka. Ila nilikuwa nimekasirika, na kwa kuwa kukasirika hakuruhusiwi, nilikaa na hasira hiyo mwaka mzima kama mtu aliyemeza mfupa. Kwa hiyo nilipopewa uongozi wa safari ya tatu niliweka sharti moja: Msambaa naye apande. Yeye mzaliwa wa milimani, nikasema, atatuonyesha njia. Alikuwa na miaka sitini na minne, na kwa miaka arobaini mlima pekee aliokuwa ameupanda ni ngazi za stoo.

Alikubali. Mbele ya watu angekataaje?

Njiani alituburudisha. Siku ya kwanza alijitupa chini, akashika kifua, akatoa wosia: redio yake nirithi mimi, kwa kuwa Mzigua hana akili ya kununua. Wapagazi walikuja mbio na maji, wakamkuta anacheka. Siku ya pili akadai amepofuka, akanishika bega nimwongoze, kisha akanishushia mzigo wake mgongoni. Mwongozaji, kijana mpole aliyekuwa akitusalimu shikamoo kila asubuhi mmoja mmoja, alimwomba aache mchezo huo, maana huku juu ugonjwa haubishi hodi. Mtani wangu akamwambia hizo ni shughuli za wakubwa.

Alasiri ya siku ya nne tulikuwa ziwani. Wenzetu walikuwa nje wakipigana picha. Sisi wawili tulikuwa ndani ya hema, bakuli lake la supu likiwa limejaa vile vile. Akaniita, si Mzigua kama kawaida yake, bali kwa jina langu.

"Kichwa kinaniuma tangu jana," alisema. "Na macho yanaona viwili viwili. Tushuke."

Ningependa kuandika kwamba nilidhani ni mchezo. Wengi wamenifariji hivyo, nami nimewaacha wanifariji. Lakini nilimfahamu mtu yule kwa miaka arobaini, na nilijua sauti yake ya kweli. Nilijua pia kwamba akishuka mmoja, mwongozaji atatushusha wote, na kwamba Tanga wanangoja na keki nyingine.

"Msambaa kaogopa mlima," nikamwambia. "Hii nitaitangaza mpaka Mkwaja."

Alisukuma bakuli pembeni. Kisha akavuta blanketi.

"Haya," alisema. "Tutaona wa kuogopa."

Asubuhi, kabla wengine hawajatoka, nilikuta ametapika nyuma ya hema. Kiongozi wa msafara alifanya nini? Alisukuma changarawe kwa buti mpaka mahali pale pakawa safi. Mwongozaji alipokuja na shikamoo zake akauliza kama yupo anayeumwa kichwa, au aliyetapika, mtani wangu alinitazama mimi. Nikasema sote wazima. Naye akasema sote wazima, na kwamba kama kuna mgonjwa ni Mzigua, tena wa kuzaliwa.

Tukaondoka kuelekea chini ya ukuta, ambako watu hufungwa kamba. Haikuchukua saa mbili. Alianza kutembea kama mlevi, mguu huku na mguu kule, kisha akakaa juu ya mwamba akaanza kuongea Kisambaa na mama yake, marehemu wa siku nyingi. Wenzetu walicheka. Mmoja alimrekodi kwa simu ili aturushie kwenye kundi la WhatsApp la klabu, na katika video hiyo, nyuma, inasikika sauti ya mtu akicheka kwa nguvu kuliko wote. Ni sauti yangu.

Mwongozaji hakucheka. Alimshika kichwa, akamtazama machoni, akapiga kelele ya kuita machela. Kisha akanigeukia na kuniuliza ameanza lini kuumwa. Nilimjibu kwamba ameanza sasa hivi.

Walimshusha mbio kwa machela ya gurudumu moja, sita wakishika, sisi tukifuata na bendera yetu ikiwa imekunjwa. Alikata roho njiani, kabla ya kufika penye gari. Mawenzi hatukuipanda, kama kuna anayeuliza.

Tulimzika kwao Lushoto. Kwetu, mtani ana kazi yake msibani: huingia na vituko, humsema marehemu uchoyo na uvivu wake, huzuia jeneza mpaka apewe chochote, ili wafiwa wapate kupumua. Kaka yake alinijia mimi. Alisema wananisubiri, maana marehemu hakuwa na mtani mwingine. Nilisimama mbele ya kaburi, watu wote wakinitazama, wengine wameshaanza kutabasamu kwa matumaini. Sikuweza kusema kitu. Wakasema huzuni imenizidi, wakanikalisha, wakaniletea maji.

Si huzuni iliyoniziba mdomo. Nilikuwa najua alivyokufa. Mimi kiongozi ndimi niliyemuua rafiki yangu wa miaka arobaini: aliniambia anaumwa, nikajua ni kweli, nikasema sote wazima.