Kamba ya Furushi la Mama

Kiingereza nakifundisha kwa vitu, maana sina subira na kukariri. Wiki ya vitenzi vinavyoanza na "un-" nilipeleka kufuli na kitambaa darasani, hapa Butembo. Kufuli likifungwa ni "lock", likifunguliwa ni "unlock". Kitambaa kikikunjwa ni "fold", kikikunjuliwa ni "unfold". Wanafunzi walishika upesi. Niliwaonya tu kwamba si kila kitenzi kinakubali. Hakuna "uncook", maji yakimwagika hayazoleki. Mmoja akauliza kama kuna neno la kuondoa mtihani alioanguka, tukacheka.

Nilichokosa ni kamba ya kufundishia "untie". Nyumbani kamba nzuri ilikuwa moja, ile iliyofunga furushi la mama.

Furushi hilo lilikaa nyuma ya mlango tangu vita vilipotukimbiza kutoka shamba letu upande wa Beni, tukaliacha kaburi la baba huko. Ndani yake kulikuwa na mbegu za maharagwe ya shamba lile. Mjomba alikuwa amempa mama kipande cha ardhi Vuhovi. Mvua zilikuwa zimeanza, watu wote wanapanda, mama amekaa tu, akisema tutarudi. Nilikuwa nimechoka kulisikia neno hilo, na nilikuwa na hasira. Mbegu haimngoji mtu.

"Mama, unipe ile kamba kwa masomo."

"Hapana gusa. Siku ya kurudia nitafunga na nini?"

"Lakini mama, maharagi itaoza!"

"Nikifungua, ndo kusema nimebakia huku. Na baba yako anabakia kule yeye moja."

Hasira ikanitoka. Miezi yote hiyo nilidhani ni uvivu wa uzee, kumbe mama hakutaka kumwacha mumewe peke yake kaburini. Nilikaa karibu naye nikiona haya. Alikuwa amezoea kunisikia nikitayarisha masomo mezani, basi akauliza polepole:

"Mu ile Kiingereza yako, mutu akishakufa, banaweka ile 'an' yako?"

"Hapana, mama. Kwa kufa, hapana."

Aliinuka akaenda nyuma ya mlango. Halafu akavuta furushi. Fundo lilikuwa limekaza, akalifungua kwa meno, hakutaka nimsaidie. Maharagwe mengi yalikuwa yametobolewa na wadudu. Aliyachagua kwenye ungo, mazima huku, mabovu kule, na machozi yalimtoka bila sauti. Mimi pia nililia.

Jumamosi tulikwenda Vuhovi. Mama alipigilia vijiti viwili ardhini, akafunga ile kamba huku na huku, akainyoosha ili mistari isipinde. Konzi ya kwanza ya mbegu aliipanda peke yake, akimwita baba kwa sauti ya chini.

Kamba sikuiomba tena. Jumatatu nilivua kiatu mbele ya darasa, nikafundisha "untie" kwa kamba ya kiatu hicho.