Nungu wa Bahari na Pacha wa Mama

Juzi nilitoka Makina kununua kitambaa, nikaamua kushuka kwa miguu hadi Mashimoni, mtaa niliosomea. Nilitaka tu kuona mahali ilipokuwa shule yetu ya mabati. Haipo. Imepita barabara pana pale, na wauza viatu wametandaza mali yao pembeni. Nilisimama kidogo, nikashindwa kuondoka. Utacheka, rafiki yangu, lakini hapo ndipo nilipopata hofu kubwa kuliko zote za utoto wangu, na ilianzia ndani ya ndoo.

Nilikuwa darasa la sita. Mama alikuwa na mimba kubwa, akipita mlangoni kwa ubavu. Kliniki walikuwa wamemwambia ni pacha. Nyanya, ambaye sisi tulimwita kukhu, alihama kwake Kabiro, kule Kawangware, akaja kukaa nasi kwenye kile chumba kimoja ili mama apumzike. Asubuhi niliamshwa na mlio wa mitungi ikigongana kwenye foleni ya maji, nami nilijitwika wangu nikajiunga. Nikirudi nilikuta kukhu ameshakoroga uji wa wimbi, na chumba kizima kinanukia moshi wa makaa na ndimu. Majirani walipenda kupita wakiuliza kama watoto wameshapewa majina. Kukhu aliwakata kauli bila kuinua macho: vifaranga havihesabiwi ndani ya yai. Sikuupenda msemo ule. Niliona kama anajua jambo ambalo hataki kutuambia.

Wakati huohuo mwalimu wetu wa sayansi alirudi kutoka likizo. Alikuwa amelelewa Pwani na Kiswahili chake kilinyooka mno, sisi tuliozoea sheng ya mtaani tukamcheka kichinichini, ila tulimpenda. Safari hii alikuja na ndoo ya maji ya bahari iliyozungushiwa barafu. Ndani mlikuwa na vitu vyeusi, vya mviringo kama machungwa, vimejaa miiba, na miiba yenyewe ilikuwa inacheza. Alituambia ni nungu wa bahari. Darasa zima lilinuka chumvi. Juu ya meza aliweka hadubini aliyoazima chuoni alikokuwa akisomea jioni.

Aliwadunga sindano ya maji ya chumvichumvi, nao wakaanza kutoa. Dume lilitoa kitu cheupe kama maziwa mazito, jike likatoa mayai madogo ya manjano kama unga wa mahindi. Mwalimu alichukua tone la yale maziwa kabla halijaguswa na maji, akatuita mmoja mmoja tuchungulie. Mbegu za kiume zilikuwa zimelala. Alieleza kwamba ndani ya baba yao kuna asidi kidogo, nayo ndiyo inayozilaza zisimalize nguvu zake bure. Kisha akaongeza tone la maji ya bahari. Chumvi ikiingia, alisema, asidi inatoka, na mkia unaanza kupiga. Nilichungulia tena. Mahali palipokuwa kimya palikuwa panachemka.

Akaleta mayai. Yai lina ute wa kuziita mbegu, alisema, na ute huo huzielewa mbegu za aina yake tu. Mbegu ikigusa ute, ncha yake inapasuka na kutoa dawa ya kutoboa njia. Nami nilikuwa nimeinama kwenye hadubini wakati moja ilipofika. Niliona ngozi nyembamba ikijiinua kulizunguka yai lote, kama malai inavyovimba juu ya maziwa yanayokaribia kuchemka. Mwalimu alisema ndani ya yai kuna chokaa iliyofungiwa, mbegu ya kwanza ikiingia chokaa ile inafunguliwa na kusambaa kama wimbi, na ndiyo inayoamuru mlango ufungwe.

"Kwa nini lazima ufungwe, madam?" mwenzangu mmoja aliuliza.

"Kwa sababu zikiingia mbili, yai litakufa. Litajaribu kujigawa, lishindwe."

Wenzangu waliendelea kusukumana wapate kuchungulia. Mimi nilirudi kwenye benchi. Zikiingia mbili. Mama alikuwa na wawili.

Jioni ile nilimwachia baba ugali wangu. Nilimtazama mama akikuna tumbo na kucheka na redio, nikawaza kwamba mle ndani kila kitu kinajaribu kujigawa na kinashindwa, na yeye hajui. Nilisikia msemo wa kukhu masikioni na sasa niliuelewa kwa namna yangu. Ningemwambia nani? Kwetu kutaja kifo mbele ya mjamzito kulikuwa kama kukiita. Mama alipotaka niweke mkono nisikie wanavyopiga mateke, niliurudisha mkono nikakimbilia nje, nikajifanya naosha sufuria.

Kesho yake, Ijumaa, wenzangu walipotoka kwenda kucheza nilibaki darasani. Nilimwambia mwalimu kila kitu, nikilia hadi kamasi. Hakucheka. Alivuta benchi akaketi karibu yangu.

"Nani amekuambia pacha ni mbegu mbili kwenye yai moja?" aliuliza. "Huenda ni mayai mawili, mwanangu, kila moja na mlango wake. Au ni yai moja lililofungwa vizuri, kisha likaachana."

"Likiachana si litakuwa nusu mtoto?"

Aliinuka akaiendea ndoo. Nungu wawili, dume na jike, walikuwa bado hai. Alirutubisha mayai upya, tukangoja mpaka yakajigawa mara moja tu, kila yai likawa vyumba viwili vilivyoshikana. Akayatia kwenye chupa ndogo, akayatikisa kwa nguvu. Mengi yaliharibika. Alitafuta kwa hadubini kwa muda mrefu, akapata moja ambalo nusu zake zilikuwa zimeachana, akaziweka pamoja kwenye kibakuli cha maji ya bahari. Aliniambia nirudi Jumamosi asubuhi nijionee mwenyewe.

Jumamosi asubuhi uchungu ulimshika mama. Mvua ilikuwa imenyesha, kichochoro chetu ni tope tupu, na hakuna gari lingefika. Kukhu alinituma Makina kumwita mkunga. Nilipita mbele ya shule, nikaona mlango wa darasa uko wazi. Sikusimama. Kusema kweli niliogopa kuchungulia kile kibakuli, nikute nusu mbili zimekufa.

Mkunga alikuwa mwanamke mnene mwenye pumzi fupi. Nilimvuta mkono njia nzima. Walinifungia nje na baba, naye baba hakujua pa kuweka mikono yake. Tulimsikia wa kwanza akilia, sauti kali ya kukasirika. Baba alicheka. Kisha yule wa pili akatoka, nikajua katoka kwa jinsi mkunga alivyosema, huyu hapa. Lakini hakulia. Nikasikia kofi dogo, na maji, na kukhu akiomba kwa Kiluhya. Nilishika ukuta wa mabati hadi vidole vikauma. Nilikuwa na hakika kwamba ndiyo sasa, lile neno la darasani linatimia.

Halafu akakohoa. Akalia kwa sauti nyembamba, kama paka aliyefungiwa kabatini.

Jumatatu mwalimu aliniita kabla ya kengele. Nilichungulia kwa hadubini: ndani ya kibakuli kulikuwa na viumbe viwili vinaogelea, vidogo kuliko wenzao wa mayai mazima, lakini vizima. Nilimwambia wetu pia ni wazima. Alinishika bega, akasema alikuwa ameacha mlango wazi Jumamosi yote akiningoja.

Muhula uliofuata alihamishwa, sikumwona tena. Kukhu amelala kaburini kwao Magharibi siku nyingi. Pacha wetu ni watu wazima, wanagombana kila Krismasi. Na mama, hadi alipotutoka mwaka jana, alikuwa akiwasimulia wageni jinsi binti yake mkubwa alivyokuwa na wivu, hata tumbo lake akakataa kuligusa. Wageni walicheka nami nikacheka nao. Kila mara nilijiambia kwamba wakishaondoka nitamweleza, na kila walipoondoka kulikuwa na vikombe vya kuosha.